Kupima metaboliti hai kama tiba ya kifafa: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Mgonjwa wa kifafa akimeza primidoni, ini lake huanza kuivunja mara moja, na baada ya siku kadhaa damu yake huwa na fenobabitali nyingi. Fenobabitali ni dawa kamili inayojitegemea. Alfred Hauptmann alionyesha mwaka 1912 kwamba inapunguza kifafa, miaka arobaini hivi kabla primidoni haijaanza kutumika. Kwa hiyo anayetumia primidoni anatumia dawa mbili kwa wakati mmoja, au tatu ukiihesabu na PEMA, inayozaliwa humohumo. Kitu kama fenobabitali au PEMA, kinachozaliwa mwili unapoivunja dawa, huitwa metaboliti.

Kabamazepini, okskabazepini, klobazamu na fenfluramini nazo zina habari kama hiyo. Kila inapoonekana metaboliti yenye nguvu, watafiti huuliza swali lilelile: kwa nini tusimpe mgonjwa metaboliti yenyewe, tukaachana na dawa mama, yaani ile inayomezwa na kugeuzwa?

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili, mfamasia au daktari anayeingia kwenye kikundi kinachotaka kulijibu swali hilo. Haumhusu mgonjwa anayefikiria kubadili dawa zake. Hilo ni la kuzungumza na daktari wake, maana kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuua.

Niseme msimamo wangu mapema. Kuonyesha kwamba metaboliti inazuia degedege kwa panya ni sehemu rahisi. Kazi iko kwenye mambo mawili: kuthibitisha kwamba ndiyo inayomtibu mgonjwa, na kuthibitisha kwamba ikitolewa peke yake ina faida ambayo dawa mama haina. Tafiti nyingi hukimbilia panya na kuyaacha haya mawili yaje kuwasumbua baadaye.

Hatua ya 1: Andika sababu yako kwa sentensi moja

Kabla ya kuagiza kemikali yoyote, andika kwa nini unaitaka metaboliti. Sababu zinazosimama si nyingi.

Ya kwanza ni tofauti kati ya mtu na mtu. Klobazamu hugeuzwa na kimeng'enya CYP3A4 kuwa norklobazamu, nayo norklobazamu huondolewa zaidi na kimeng'enya kingine, CYP2C19. Wapo watu waliozaliwa na CYP2C19 dhaifu; kwao norklobazamu hujikusanya hadi mara kadhaa ya kiwango cha wengine, ingawa wamemeza dozi ileile. Ongeza kanabidioli, dawa inayozuia CYP2C19, na norklobazamu hupanda takriban mara tatu. Ukitoa metaboliti yenyewe, tofauti za jinsi inavyotengenezwa zinaondoka. Zile za jinsi inavyoondolewa zinabaki palepale. Hapo lazima ujue tatizo lako liko upande upi, na kwa norklobazamu liko upande wa kuondolewa, kwa hiyo kuitoa peke yake hakulitatui.

Ya pili ni madhara ya dawa mama, au ya metaboliti nyingine inayozaliwa njiani. Ya tatu ni wepesi wa matumizi, kwa mfano kumeza mara moja kwa siku badala ya mbili.

Sasa geuza sentensi yako uone kama ukweli haupo kinyume. Fenfluramini iliondolewa sokoni mwaka 1997, wakati huo ikitumika kupunguza unene, kwa sababu iliharibu vali za moyo. Norfenfluramini, metaboliti yake, huamsha kwa nguvu kipokezi cha serotonini kiitwacho 5-HT2B, na hicho ndicho kinachohusishwa na uharibifu huo. Mwaka 2020 fenfluramini iliruhusiwa tena Marekani, safari hii kwa ugonjwa wa Dravet, kifafa kikali cha kinasaba kinachoanza utotoni, kwa dozi ndogo isiyozidi miligramu 26 kwa siku, na kwa sharti la kupima moyo kwa ultrasaundi kabla ya kuanza, kila miezi sita wakati wa matibabu, na baada ya kuacha. Anayetaka kupima norfenfluramini kwa kifafa anaanza akiwa na deni hilo mkononi. Hajakatazwa, lakini itabidi aonyeshe tangu mwanzo atakavyokikwepa kipokezi hicho.

Hatua ya 2: Thibitisha ni nani anayefanya kazi

Hatua hii ndiyo ndefu, na haifai kuharakishwa. Kukuta metaboliti kwenye damu hakuthibitishi kwamba inatibu. Unahitaji ushahidi wa aina zaidi ya moja, na aina zote zielekee upande mmoja.

Anza na saa. Mpe mnyama dawa mama, kisha pima vitu vitatu kwa vipindi: kiwango cha dawa mama, kiwango cha metaboliti, na kinga dhidi ya degedege. Kinga ikitokea kabla metaboliti haijapanda, dawa mama ina nguvu yake yenyewe, na hivyo ndivyo ilivyo kwa primidoni. Kinga ikichelewa na kupanda pamoja na metaboliti, umepata dalili nzuri. Kumbuka ni dalili tu.

Kisha funga njia. Kizuie kimeng'enya kinachotengeneza metaboliti uone kama kinga inapotea. Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni wa projesteroni. Homoni hii hugeuzwa mwilini kuwa alopregnanoloni, inayofanya kazi kwenye kipokezi cha GABA-A, kinachotuliza seli za ubongo. Panya wakipewa finasteridi, inayofunga kimeng'enya cha 5-alfa-redaktesi, projesteroni hupoteza kinga yake. Na panya waliotengenezwa bila kipokezi cha projesteroni bado hukingwa na projesteroni. Majaribio hayo mawili, moja likifunga njia na lingine likiondoa kipokezi cha dawa mama, yanakazana hadi hakuna pa kutokea.

Halafu toa metaboliti peke yake, na hapa hesabu huharibika kirahisi. Linganisha kwa moli, usilinganishe kwa miligramu. Moli moja ya kabamazepini ina uzito wa gramu 236, na ya epoksidi yake gramu 252. Ukitoa miligramu 100 za kila moja hujatoa molekuli sawa. Tofauti hapa ni ndogo, lakini kwa metaboliti iliyopoteza kipande kikubwa cha dawa mama inaweza kuyageuza matokeo yote.

Mwisho, linganisha kiwango kwenye ubongo. Ikiwa metaboliti inakinga ikifika kiwango fulani kwenye ubongo, basi dawa mama inapotolewa nayo inapaswa kukifikisha kiwango hicho. Isipokifikisha, metaboliti yako ina nguvu lakini siyo inayomtibu mgonjwa. Bado inaweza kuwa dawa nzuri. Ila acha kusema kwamba unakiboresha kinachofanya kazi tayari. Sema una dawa mpya, nayo ibebe mzigo wa dawa mpya.

Hatua ya 3: Kemia, hasa mkono wa molekuli na njia ya kurudi

Okskabazepini hugeuzwa haraka kuwa likabazepini, ambayo ina sura mbili zenye atomu zilezile lakini zinazotofautiana kama kiganja cha kulia na cha kushoto: S na R. Ini hutengeneza zaidi ile ya S. Kampuni ya BIAL ya Ureno iliichukua sura ya S na kuifunga kwenye asetati ili ifyonzwe vizuri, ikapatikana eslikabazepini asetati. Iliruhusiwa Ulaya mwaka 2009 na Marekani mwaka 2013. Ikimezwa, asetati hukatika mapema, na zaidi ya asilimia 90 ya kinachozunguka kwenye damu huwa ni metaboliti inayotakiwa. Humezwa mara moja kwa siku, wakati okskabazepini ya kawaida humezwa mara mbili.

Mafunzo ya vitendo hapo ni mawili. Kwanza, maabara yako iwe na kromatografia inayotenganisha S na R. Kipimo kinachojumlisha zote mbili kitakudanganya. Pili, si lazima umpe mtu metaboliti ikiwa uchi. Isipofyonzwa vizuri, ifunge kwenye kitu kitakachokatika mwilini mapema.

Kisha uliza kama metaboliti inaweza kurudi nyuma na kuwa dawa mama au jamaa yake. Alopregnanoloni inaweza kurudishwa kuwa homoni inayoamsha kipokezi cha projesteroni. Ganaksoloni, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2022 kwa degedege za ugonjwa wa kinasaba wa upungufu wa CDKL5, ni alopregnanoloni iliyoongezwa kikundi kimoja cha methili mahali panapoifunga njia hiyo ya kurudi. Kikundi kimoja tu, na tatizo la homoni likaondoka.

Usafi nao ni muhimu. Ikiwa metaboliti yako imetengenezwa kutokana na dawa mama, hata asilimia chache za dawa mama zilizobaki zinaweza kuyaharibu majaribio yote ya hatua ya pili. Omba cheti cha uchambuzi, kisha pima mwenyewe.

Hatua ya 4: Je, inafika kwenye ubongo?

Mwili hutengeneza metaboliti nyingi kwa lengo la kuzitoa, kwa hiyo huzifanya zipende maji zaidi. Kitu kinachopenda maji hupata shida kuvuka kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Dawa mama inaweza kuvuka kwa urahisi na kugeuzwa hukohuko, wakati metaboliti ile ile ikitoka kwenye damu hubaki mlangoni.

Usipime kiwango cha jumla tu. Pima kile kisichoshikwa na protini, kwenye damu na kwenye ubongo, kisha tafuta uwiano. Angalia pia kama pampu za kizuizi, hasa P-glikoproteini, zinaitupa nje. Kwa binadamu ubongo kwa kawaida hauchukuliwi sampuli, ila maji ya uti wa mgongo yanaweza kuchukuliwa kwa ridhaa ya mhusika. Watu wa kujitolea waliopewa eslikabazepini asetati walipimwa hivyo wakalinganishwa na waliopewa okskabazepini, na kiwango chao kilionekana kupanda na kushuka kidogo zaidi. Data ya namna hiyo inafunga mjadala kuliko michoro mingi ya panya.

Hatua ya 5: Wanyama

Tumia mifano zaidi ya mmoja. Mshtuko mkubwa wa umeme, mbinu ya aina ileile iliyotumiwa kuugundua uwezo wa fenitoini mwaka 1938, hukamata vizuri dawa zinazofunga milango ya sodiamu. Pentilenitetrazoli, kemikali inayoleta degedege, hukamata zaidi zinazogusa GABA. Lakini levetirasetamu ilishindwa mifano yote miwili hiyo, ikafaulu kwa wanyama waliozoeshwa degedege polepole kwa kuchochewa mara kwa mara. Kama ingetegemea vipimo viwili vya kawaida pekee, ingetupwa. Kwa hiyo ongeza mfano wa 6 Hz, unaotumia umeme wa masafa hayo, na kwa magonjwa ya kinasaba tumia panya wenye kasoro husika, kwa mfano wale wenye kasoro ya jeni ya Scn1a kwa Dravet.

Kila mara weka kundi la dawa mama pembeni ya kundi la metaboliti, ndani ya jaribio lilelile na siku ileile. Hesabu dozi inayokinga nusu ya wanyama na dozi inayowayumbisha nusu yao kwenye gogo linalozunguka. Tuseme metaboliti inakinga kwa miligramu 12 kwa kilo na kuyumbisha kwa 60. Nafasi yake ya usalama, yaani 60 kugawa kwa 12, ni 5. Dawa mama ikiwa na nafasi ya 4, usitangaze ushindi, maana mipaka ya makosa ya namba hizo mbili pengine inapishana.

Jaribu pia dozi za kurudia kwa wiki mbili. Jamii ya benzodiazepini, dawa kama klobazamu, huzoeleka na mwili, na metaboliti yenye nguvu siku ya kwanza inaweza kuwa dhaifu siku ya kumi.

Chagua mnyama kwa kuangalia ini lake. Mnyama anayeigeuza metaboliti kuwa kitu kingine ambacho binadamu hatengenezi atakupa majibu yasiyomhusu mtu yeyote. Pima damu ya aina mbili tatu za wanyama kabla ya kuamua. Asiye na maabara ya kutosha anaweza kuomba kupimiwa kupitia programu ya NINDS, taasisi ya magonjwa ya neva ya Marekani, iliyoanza mwaka 1975, ambayo imechunguza makumi ya maelfu ya kemikali kutoka vyuo na kampuni.

Hatua ya 6: Sumu

Usidhani dawa mama iliyotumika miongo kadhaa inaisafisha metaboliti. Mwongozo wa ICH M3(R2), wa baraza la kimataifa linalooanisha masharti ya dawa, unataka metaboliti ichunguzwe sumu yake pale inapozidi asilimia 10 ya jumla ya vitu vyote vya dawa mwilini, na binadamu akiwa nayo kwa wingi kuliko wanyama waliopimwa. Wewe unaitoa peke yake, kwa hiyo uko kwenye asilimia mia. Panga uchunguzi kamili: viungo, jeni, moyo, uzazi na kijusi.

Soma historia ya jamii yake pia. Kabamazepini-epoksidi hufanya kazi kama dawa, lakini huchangia kizunguzungu na kuona vitu viwili viwili. Valproati, dawa nyingine ya kifafa, huzuia kimeng'enya kinachoiondoa epoksidi hiyo, na mgonjwa anaweza kulewa dawa huku kipimo cha kabamazepini kikisoma kawaida. Eslikabazepini imerithi tabia ya kushusha sodiamu kwenye damu. Madhara yanayotokana na kazi ileile inayotibu huja pamoja na metaboliti, hata ukiisafisha namna gani.

Hatua ya 7: Watu wa kujitolea

Hapa fuata utaratibu wa kawaida: kibali cha kamati ya maadili, ridhaa iliyoandikwa, dozi moja ndogo, kisha kupanda kwa ngazi. Nitakazia jambo moja, muda. Norklobazamu huchukua takriban saa 71 hadi 82 kupungua nusu. Chukua 75. Kiwango hutulia baada ya nusu tano hivi, yaani saa 375, karibu siku 16. Ukipima damu siku ya saba na kuandika kwamba kiwango kimetulia, utachagua dozi kubwa mno. Hesabu hiyohiyo inatumika kusubiri dawa iishe mwilini.

Kabla ya jaribio kubwa, fikiria kundi dogo la wagonjwa ambao ubongo wao huitikia mwanga unaomweka. Dozi moja, kipimo cha umeme wa ubongo, siku chache za kazi. Matokeo hayathibitishi tiba, lakini yanakuonyesha kama dawa inafika na kugusa ubongo, na kwa dozi ipi.

Hatua ya 8: Jaribio kwa wagonjwa

Mpango uliozoeleka ni wa kuongeza dawa juu ya zile ambazo mgonjwa tayari anatumia. Wiki nane za kuhesabu mashambulizi bila kubadili kitu, kisha kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu kati ya dawa na plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapata nini. Baada ya kupandisha dozi hufuata wiki kumi na mbili za kuitunza.

Usimwingize anayetumia dawa mama. Linasikika jepesi, lakini historia ya dawa za mgonjwa haiko wazi kila mara, kwa hiyo pima damu siku ya kwanza. Andika pia anayetumia dawa zinazochochea au kuzuia vimeng'enya vinavyoiondoa metaboliti yako.

Ukubaliane mapema na mamlaka kipimo kipi ni kikuu. Wamarekani hupendelea asilimia ya kati ya upungufu wa mashambulizi. Ulaya hutaka idadi ya waliopungukiwa kwa nusu au zaidi. Mgonjwa aliyekuwa na mashambulizi 10 kwa siku 28 akabaki na 6 amepungukiwa asilimia 40: anahesabika kwenye kipimo cha kwanza, na kwenye cha pili anaandikwa hakuitikia. Fundisha pia jinsi ya kujaza shajara, na mtu anayeishi na mgonjwa ashirikishwe, kwa sababu mashambulizi ya usingizini na yale yanayofuta kumbukumbu mgonjwa mwenyewe hayajui.

Plasebo itakuambia kama metaboliti inafanya kazi. Haitakuambia kama inaizidi dawa mama. Ikiwa sentensi yako ya hatua ya kwanza ilisema madhara ni machache, lazima kuwe na kundi la dawa mama lenye dozi inayofikisha kiwango sawa cha metaboliti kwenye damu. Ni gharama, na ndiyo maana wengi huliruka, kisha huandika "inavumilika vizuri" bila kusema kuliko nini.

Weka kanuni ya kumtoa mgonjwa haraka mashambulizi yakiongezeka au yakirefuka, kamati huru ya usalama yenye mamlaka ya kusimamisha jaribio, na maswali ya mawazo ya kujiua katika kila ziara. Tahadhari hiyo Marekani iliitoa mwaka 2008 kwa dawa za kifafa kwa ujumla.

Na uwe tayari kushindwa. Alopregnanoloni ya kudungwa mshipani iliposhindanishwa na plasebo kwa wagonjwa wa degedege sugu zisizokoma, matokeo ya mwaka 2017 hayakuonyesha faida, pamoja na msingi wake wote mzuri wa maabara.

Hatua ya 9: Kumhamisha mgonjwa

Metaboliti ikifaulu, atatokea mgonjwa anayetumia dawa mama na kutaka kuhamia. Mpango wake uandikwe kabla hajauliza. Dozi ya metaboliti ihesabiwe kutokana na kiwango chake kwenye damu ya mgonjwa huyo, kwa kuwa dozi ya dawa mama anayomeza haikwambii ini lake linageuza kiasi gani. Ikiwa dawa mama inaondoka polepole, mgonjwa atakuwa na metaboliti kutoka pande mbili kwa siku kadhaa, kwa hiyo anza chini. Ikiwa dawa mama ina kazi yake yenyewe, kama primidoni, ipunguze kwa ngazi kwa wiki kadhaa na usiikate siku moja. Pima zote mbili kabla ya kubadili, kiwango kinapotarajiwa kutulia, na siku yoyote mgonjwa anapopata shambulio au kuanza kuyumba. Akiamua kurudi kwenye dawa mama, arudishwe kwa ngazi zilezile, kinyume.